Msingi wa Karavani

Buhongwa,
11 Februari 2025

Mume wangu mpenzi Baba Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko ziwani? Kifua kimepoa, au ule upepo wa alfajiri umekurudishia kikohozi? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila mguu wa kushoto unauma mvua ikikaribia, na safari hii nadhani mvua imeamua kukaribia kila siku.

Usishtuke kuona barua kana kwamba kuna msiba. Jumapili baada ya misa nilimfuata Padre Deodatus nikamwambia: Padre, mimi na mume wangu tukipigiana simu hatumalizi salamu, mmoja ameshakata. Akacheka. Akasema zamani kwenye semina za wanandoa watu waliandikiana hata wakiwa chumba kimoja, maana karatasi haimkatizi mtu maneno. Akanipa na masharti: barua isiandikwe kwa hasira, na ikifika ijibiwe. Nimekubali. Hellen wa dagaa anakuja huko Kayenze kila wiki kuchukua mzigo, atakuwa mtu wetu wa posta.

Sasa niseme ya moyoni. Tangu Krismasi hujalala nyumbani. Ulinunua ile karavani kwa yule fundi mzungu wa mabomba aliyekuwa anarudi kwao, hukuniuliza, nikaiona tu siku inapita juu ya lori pale barabarani Buhongwa na wewe umekaa mbele na dereva, unanipungia mkono kama bwana harusi. Nilidhani umenunua jokofu kubwa. Mafao yako tulisema yatamalizia nyumba ya kijijini iliyoishia kwenye lenta, bila paa. Haya, hilo limepita, sitalirudia, Padre amekataza hasira.

Ila watu wanaongea, Baba Winnie. Ndugu yako Paulo alikuja juzi, akala ugali wangu akashiba, halafu akasema mbele ya wageni, "Shemeji, huyu kaka anapumzika, je, amechoka nini? Nyumba ya kupumzikia! Na akifa tumzike wapi, tumvute na matairi yake mpaka makaburini?" Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu lilichekesha. Kisha nikaenda jikoni nikaona machozi yanatoka.

Kwenye jumuiya wananiuliza mume yuko wapi. Nikisema yuko likizo, wanaangaliana. Sisi hatujui likizo ya mtu mzima asiyekuwa mgonjwa.

Wewe unaniambia kila mara nije nikae huko hata wiki moja. Baba Winnie, nakupenda, lakini silali juu ya matairi. Nilipanda siku ile moja, nikageuka upande, kitu kizima kikatikisika kama mtumbwi. Mwanamke aliyefunga ndoa hawezi kulala kwenye gari. Nyumba ni msingi. Hata Bwana wetu alituambia habari za mjenzi mwenye akili na mjenzi mjinga, hakutaja mahali popote mjenzi wa matairi. Na wewe ndiye fundi wa kujenga, umewamwagia watu zege Mwanza nzima, mkeo unamwita alale juu ya jeki?

Kwa hiyo chagua. Ama urudi nyumbani, ama uiwekee hiyo karavani msingi wa maana, nami naahidi mbele ya Mungu, nitakuja na mto wangu na Rozari yangu. Nataka tuwe pamoja tu. Wapi, si kitu.

Naomba unijibu Hellen akirudi.

Mkeo,
Evelina


Kayenze,
20 Februari 2025

Mama Winnie,

Milele amina. Barua imefika ikinuka dagaa, nikajua ni ya kweli. Kifua hakijambo. Paulo mwambie nimechoka, aandike na sababu: miaka yote ile nimejenga baraza za hoteli za watu kando ya ziwa hili, na kila baraza nikishamaliza kulainisha sakafu naambiwa, fundi, pitia mlango wa nyuma usichafue. Sijawahi kukaa kwenye hata moja. Nilitaka kukaa kwenye moja kabla sijafa. Ndiyo hayo tu, hakuna siri nyingine.

Nikueleze hasara kwanza ili usiseme naficha. Kutu inaila kwa chini kama mchwa. Nikiziba paa hapa, inavuja pale. Vile vidudu vya ziwani vikija kama moshi mweusi, nafunga madirisha yote nakaa gizani kama ndizi zinazoivishwa. Mzee Ngosha mwenye eneo anapenda kodi yake kabla haijafika siku, na hasemi. Anakuja tu, anakaa, anakunywa chai, anasifu chai, haondoki. Wiki ya kwanza wamama walijipanga mlangoni na watoto migongoni, maana ni nyeupe na ina mlango pembeni, wakadhani ni kliniki. Mmoja aligoma kuondoka mpaka nimpime mtoto. Nikampima kwa utepe wangu wa ujenzi. Akashukuru, akaniachia mayai.

Na faida sasa. Meza ukiivuta inakuwa kitanda. Chumvi, moto na maji, vyote mkono unafika ukiwa umekaa. Mvua ikinyesha asubuhi unalala chali, unaweka kiganja kwenye dari, unaisikia inagonga kwa nje kama mtu anayekuomba umfungulie, na wewe humfungulii. Kuna ndege mdiria anakuja kwenye kamba yangu ya nguo. Najikuta namsimulia habari zako.

Habari ya msingi. Pale Ngosha aliponikaribisha alisema jambo moja: mita sitini kutoka majini hapajengwi, ni sheria, ila kitu chenye matairi hawakigusi, hilo ni gari limeegeshwa. Ndiyo maana nilipata mahali karibu hivi na maji. Lakini nimefikiri. Watu wa sheria hiyo hawajawahi kuonekana huku, na msingi mdogo tu wa kuzuia isitikisike nani atauona? Mama Winnie akitaka msingi, msingi utakuwepo. Mimi ni fundi. Naona aibu, kila mtu nimemjengea isipokuwa wewe.

Njoo Pasaka. Itakuwa imesimama kama kanisa.

Nijibu.

Wako,
Nestory


Buhongwa,
18 Machi 2025

Baba Winnie mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Hellen amenieleza mpaka nimechoka kumsikiliza. Anasema umeweka zege kuizunguka yote, na baraza mbele yenye ngazi tatu, na ukutani umemtengenezea Mama Bikira Maria kijumba cha mawe. Anasema matairi umemuuzia Luhende akafungia mkokoteni wake wa ng'ombe, na sasa ng'ombe wanatembea kwa starehe kuliko abiria wa Buhongwa. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza, mama, unga umepanda bei au umeshuka?

Nimenunua kitambaa cha mapazia, cha njano chenye maua meupe. Nimekipeleka kwa fundi wa kule Mabatini jirani na duka langu. Nimemwambia madirisha ni madogo kama ya nyumba ya kuku, akasema, "Mama Winnie, kumbe unafuga?" Nikamwambia ndiyo, nafuga mume.

Nakuja Jumamosi Kuu mchana, duka nitalifunga. Winnie nimempigia huko Dodoma, amefurahi, anasema nyie wazazi mmeanza uchumba uzeeni.

Unajua tangu tuoane sijawahi kuamka siku ambayo hakuna kinachoningoja? Sijui mtu anafanyaje siku kama hiyo. Utanifundisha.

Nijibu kama kuna kitu nilete zaidi ya mapazia, sufuria ndogo na mto.

Mkeo,
Evelina


Kayenze,
9 Aprili 2025

Ndugu yangu Ponsian,

Salamu nyingi wewe na familia huko Bukoba. Sijakuandikia tangu tumalize ile hoteli ya mwisho, na sasa nakuandikia kwa shida, nisamehe. Simu yangu ilizama ziwani mwezi uliopita, na hata ingekuwepo, haya siwezi kuyasema kwa mdomo.

Unaijua karavani yangu. Mama Winnie alisema hawezi kulala juu ya matairi, anataka msingi. Nikaweka. Na wewe unanijua, Ponsi, sijui kuweka msingi mdogo. Nilisema mstari mmoja wa tofali, nikajikuta nafunga nondo. Nikaifunga chasisi kwa nondo zilizoingia kwenye zege ili upepo usiitikise hata kidogo, maana alilalamika inatikisika. Nikaongeza baraza.

Jumatatu walikuja watu wa ofisi ya kulinda ziwa. Kijana mpole, viatu vimejaa tope, na dada mmoja ameshika kopo la rangi. Kijana akanipa shikamoo safi kabisa. Nikajua nimekwisha.

"Mzee, hiki ni kitu gani?"

"Gari."

"Matairi yako wapi?"

"Yamekwenda kazini."

Yule dada akacheka, akaziba mdomo. Kijana akazunguka yote taratibu, akagonga zege kwa kisigino, akasema, "Mzee, gari gani lina baraza na ngazi? Ungeliacha kwenye matairi nisingekuwa na la kusema. Sasa hili ni jengo la kudumu ndani ya mita sitini. Na ni la kudumu kweli." Nadhani alikuwa ananisifu. Yule dada akapiga X nyekundu mlangoni, nyingine kwenye baraza. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi wa tano, halafu mtambo wa kubomoa unakuja.

Nikamfuata Ngosha. Amekunywa chai yangu kwenye baraza ile ile, amesifu ngazi zile zile. Akasema, "Mimi nilikukodishia pa kuegesha. Msingi sikukodisha."

Nimejaribu kuitoa. Nimegonga kwa patasi na nyundo kubwa kutwa nzima. Limetoka vumbi. Zege langu unalijua. Luhende hawezi kurudisha matairi, mkokoteni ndio unamlisha, na hata akirudisha, sakafu imeoza. Ukiinyanyua, sakafu inabaki chini na mabati yanakwenda juu.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Evelina anakuja Pasaka. Ameshonesha mapazia. Akiona ile X atauliza kwa nini, na sababu ni msingi, na msingi ni neno lake. Unamjua yule mwanamke. Kuku akifa anajilaumu. Atalibeba hili mpaka kaburini, kila akisali ataliingiza. Mimi bora anione mjinga, au mkorofi, au chochote, lakini hili asilijue. Hellen nimemwapisha asiseme. Nitamwambia mke wangu asije, nitapata sababu.

Kama kuna kazi huko, hata ya kibarua, niambie. Nyumbani siwezi kurudi mikono mitupu nikamwangalia usoni. Jibu mapema.

Ndugu yako,
Nestory


Kayenze,
9 Aprili 2025

Mama Winnie,

Salamu. Mimi mzima. Pasaka hii usije. Rangi niliyopaka ndani haijakauka, inanuka, itakuumiza kichwa. Pia kuna siafu. Na barabara ya kutoka Igombe imeharibika kwa mvua. Tutapanga siku nyingine nikishakuwa tayari.

Mapazia usilete sasa.

Nestory


Buhongwa,
29 Aprili 2025

Baba Winnie,

Tumsifu Yesu Kristo. Sina habari ya afya yako kwa sababu hukuniandikia afya yako. Ulinipa rangi, siafu na barabara. Hellen anapita barabara hiyo kila wiki na ndoo za dagaa, barabara imeharibika kwangu tu?

Nilimuuliza Hellen. Akaangalia chini, akasema, "Dada, mimi nabeba dagaa na barua, maneno sibebi." Hellen! Ambaye hawezi kunyamaza hata wakati wa kumeza Ekaristi.

Nitakuambia nilivyosherehekea Pasaka. Duka nilikuwa nimeshalitangazia kufungwa, wateja walijua, nikaona aibu kulifungua. Mkesha nilikwenda, Padre akawasha moto nje, kila mtu akawasha mshumaa wake kwa mume au mke aliye karibu. Mimi niliwashiwa na Modesta, mwenyekiti wa jumuiya. Kutoka nje akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Mama Winnie, usiumie, lakini wanasema kuna mama huko Kayenze anampikia." Nikamwambia anapika mwenyewe, jiko liko pale pale alipokaa. Akasema, "Mwanaume akikukataza kwenda mahali, mahali hapo pana mtu."

Sikumwamini. Nilifika nyumbani nikamwamini kidogo. Sasa ni zaidi ya wiki, na namwamini zaidi kila siku, kwa sababu wewe hunipi kitu kingine cha kuamini.

Winnie anasema nyumba ya vyumba vitatu kwa mtu mmoja ni jangwa. Anasema nipangishe, nikae chumba cha nyuma ya duka, nipunguze safari na huu mguu. Kuna familia imekuja mara mbili kuiangalia. Nimewaambia wasubiri kwanza.

Nawasubirisha kwa ajili yako. Kama hakuna mwanamke, niambie basi mlango umefungwa kwa sababu gani. Nieleze jambo lolote la kweli, hata baya. La kweli naliweza. Masharti ya Padre nimeyavunja, nimeandika kwa hasira. Wewe usivunje la pili. Jibu.

Evelina


Bukoba,
12 Mei 2025

Nesto,

Salamu kutoka huku kwenye watu wastaarabu. Barua zako mbili nimezipata, na ya pili ndiyo imeniudhi zaidi. Unaniambia mkeo ameandika kwamba una mwanamke, na wewe umeona ni heri iwe hivyo?

Mimi nilikuwa msaidizi wako, nimekutii kwenye vipimo vyote, sasa nisikilize mara moja. Mwambie Evelina ukweli. Mke ana haki ya huzuni yake mwenyewe, usilie kwa niaba yake. Mke wangu Kemilembe nimemsomea barua yako, akasema, "Huyu anamhurumia mkewe kama adui."

Kazi ipo. Mwalimu mmoja mstaafu anajenga nyumba ya wageni karibu na uwanja wa ndege, anataka mtu wa sakafu. Njoo na meli, lakini njoo ukiwa umeshamwambia. Akikataa kukusamehe ndipo uje kulia hapa, nafasi ipo na ndizi zipo.

Nijibu siku ya kukupokea.

Ponsian


Kayenze,
2 Juni 2025

Mama Winnie,

Salamu. Nakuandikia kukuaga kwa muda. Karavani nimeiuza. Amenunua mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzuri, ana mke. Alipoiona alipenda zaidi ule msingi. Alisema hajaona msingi ulioshika vile, akaniuliza ni wazo la nani. Nikamwambia ni la mke wangu.

Mimi naenda Bukoba, Ponsian amenipatia kazi. Itachukua miezi, labda zaidi. Namba nitakayotumia bado sina.

Habari ya huyo mama uliyeambiwa, sina la kusema. Amini unavyoona inakusaidia.

Na nyumba, fanya kama Winnie alivyoshauri. Ni jangwa kweli kwa mtu mmoja.

Mguu uukande kwa maji ya chumvi.

Nestory


Mabatini,
23 Julai 2025
Kwa mkono wa Ponsian, Bukoba

Mume wangu Nestory,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Unakula? Sijawahi kukuita kwa jina tangu tupate Winnie, limenitoka tu nilipoanza, nikaliacha.

Hii ni barua ya tatu. Ponsian alipiga simu kwa jirani yangu, akaniambia barua zangu unazipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaziweka chini ya godoro bila kufungua. Kwa hiyo nasimulia tena kama vile sijasimulia, huenda hii ukaifungua kwa kuchoka tu.

Ulipoandika umeuza, nilikasirika vibaya mno. Nikasema amemuuzia mwalimu na mke wa mwalimu, wao wanafaa kupumzika, mimi sifai. Nikawaita wale wapangaji siku hiyo hiyo, tukaandikishana mwaka mzima. Nikahamia huku nyuma ya duka. Kisha nikakaa na lile jambo, likanizidi. Nikaona niende Kayenze nimwombe huyo mke wa mwalimu anifungulie nione ndani mara moja, niweke yale mapazia kama zawadi, niondoke. Nilitaka nione tu ulipokuwa umenitengea.

Hellen alipojua ninakwenda alianza kulia kabla hatujatoka Mabatini.

Hakuna kitu pale, Nestory. Unajua hakuna kitu. Mabati yamechukuliwa yote, mlango uko kwenye banda la mbuzi la mtu, X yake ikiangalia nje. Zege lako ndilo limebaki, vipande vikubwa kama vitanda. Watu wanasema dereva wa mtambo alitukana tangu asubuhi mpaka saa ya chakula, akashuka akauliza ni kichaa gani alimwaga hili. Wamama sasa wanaanikia dagaa juu yake. Wanagombania, maana hapo dagaa hawashiki mchanga. Mmoja alinisogezea kipande nikae, hakujua mimi ni nani.

Ngosha akaja, akaanza kunipa pole bila kuulizwa. Akasema, "Ilikuwa gari salama kabisa mpaka ulipotaka msingi. Alikuwa anatuambia kila siku, Mama Winnie kataka msingi, Mama Winnie lazima apate msingi." Alisema bila ubaya. Alidhani najua.

Hellen akaniambia yaliyobaki. Ya huyo mama anayekupikia nilimuuliza mwisho. Akasema, "Dada, alikuwa anakula mihogo ya kuchemsha anamsimulia ndege."

Sasa nimejua, na niko hai, unaona? Nimelia. Ningelia na mwezi wa nne pia, ukiwa karibu, halafu tungeenda pamoja kumcheka Ngosha na chai yake. Badala yake ulinipa mwanamke asiyekuwepo, nikamchukia kila siku asubuhi na jioni, nikampeleka mpaka kwenye kitubio. Ulinificha neno langu ili lisiniumize, na kwa kulificha ukaniachia nyumba niipangishe, duka nilalemo, na kitanda kilichobanwa na magunia ya sembe. Sisemi kwa hasira. Nakueleza tu yalipofikia.

Nilikwenda Buhongwa kuwaomba wale watu wanirudishie nyumba. Mama wa familia ile alikuwa amejifungua wiki ile ile. Alikuwa amekaa kwenye kile chumba chetu, mtoto kifuani, akanikaribisha chai. Nikasema nimekuja kuona mtoto. Nikampa mapazia ya njano, yamekuwa nepi.

Paulo anasema nikupeleke mbele ya wazee wa ukoo. Modesta anasema nikuombee na kukusahau. Padre alikaa na mimi kwenye benchi mpaka kengele. Winnie anataka nihamie Dodoma mwezi wa tisa. Nadhani nitakwenda, duka halilipi tena na mguu haupandi mlima wa hapa. Nikishakwenda sitarudi, najijua.

Siwezi kukuambia urudi nyumbani, kwa sababu nikikuambia hivyo utaniuliza nyumbani ni wapi, na mimi sina pa kukuonyesha. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Naandika kwa sababu tulikubaliana ikifika ijibiwe, na sijawahi kuwa na mtu mwingine wa kumweleza mambo yangu, hata mambo yako nilikuwa nakueleza wewe.

Ukiifungua hii, naomba unijibu upesi, kabla ya mwezi wa tisa. Hata mstari mmoja.

Mkeo,
Evelina